Kupima Ukubwa wa Chembe za Mchanga wa Zege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wajenzi wa Bagamoyo

Majibu yafuatayo yamekusudiwa mafundi, wasimamizi wa ujenzi na wenye nyumba wa Bagamoyo na vitongoji vyake, ambako mchanga ni rahisi kuupata lakini hauji wa namna moja. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyoulizwa, kuanzia yale ya mtu ambaye hajawahi kuingia maabara.

Kupima mchanga kwa chekeche ni kupima nini hasa?

Ni kutenganisha chembe za mchanga kwa ukubwa na kujua kila ukubwa unachukua sehemu gani ya uzito wote. Chekeche hupangwa moja juu ya nyingine, zenye matundu makubwa juu na madogo chini, na mchanga uliokaushwa humiminwa juu na kutikiswa. Kwa mchanga wa zege, matundu yanayotumika kwa kawaida ni ya milimita 4.75, 2.36 na 1.18, kisha mikroni 600, 300 na 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na chini kabisa hukaa trei ya kupokea kilichopita kote. Utaona kwamba kila tundu ni takriban nusu ya lile lililo juu yake. Mpangilio huo ni wa makusudi, na ndio unaorahisisha hesabu zinazofuata.

Mchanga wangu ni msafi. Kwa nini nishughulike na ukubwa wa chembe?

Kwa sababu usafi ni jambo moja na mpangilio wa chembe ni jambo jingine. Katika zege, mchanga hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto, na uji wa saruji na maji hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Chembe kubwa, za wastani na ndogo zikiwapo kwa uwiano mzuri, ndogo huingia katika mapengo ya kubwa, na uji unaohitajika hupungua. Chembe zikilingana zote, mapengo hubaki mengi, na ni saruji tu inayoweza kuyajaza. Saruji ndiyo mali ghali kuliko zote zilizomo katika karai lako.

Kuna sababu ya pili, ambayo wengi huipita. Chukua mchemraba wenye upande wa milimita 1: nyuso zake sita zina eneo la milimita 6 za mraba. Ukate kwa katikati kila upande, upate michemraba minane midogo: mchanga ni uleule kwa uzito, lakini eneo la nyuso limekuwa milimita 12 za mraba. Kwa hiyo kadiri mchanga unavyokuwa mwembamba, yaani wenye chembe ndogo, ndivyo unavyokunywa maji zaidi kabla zege halijalainika vya kutosha kumwagika kati ya nondo. Fundi anayeona zege lake gumu huongeza ndoo ya maji, na maji yakiwa mengi mno kwa saruji iliyopo, nguvu hushuka. Mara nyingi fundi hulaumiwa kwa maji yale, ilhali aliyemlazimisha ni mchanga.

Je, mchanga wa Bagamoyo si mmoja?

Si mmoja. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru na kuingia bahari ya Hindi kaskazini ya mji wetu, na mchanga wake hubadilika kwa kadiri ya mahali ulipochotwa na majira ulipochotwa: maji ya kasi huacha chembe nzito, maji yaliyotulia huacha laini pamoja na tope. Mchanga wa mashimo ya nchi kavu huja na udongo mwekundu au wa kijivu ulioshikana na chembe. Mchanga wa ufukweni umechambuliwa na mawimbi na upepo kwa muda mrefu, hivyo chembe zake hulingana mno, na ndani yake mna vipande vya gome la kombe na chumvi. Malori mawili yaliyopakia shimo moja siku mbili tofauti yanaweza kuleta mchanga wenye tabia mbili, hasa baada ya masika.

Sampuli ichukuliweje?

Swali hili nalijibu kwa urefu kuliko mengine, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona hayakutokea maabara, yalitokea kwenye tuta la mchanga.

Tipa inapomwaga mchanga, chembe kubwa huviringika hadi chini ya tuta na chembe laini hubaki katikati na juu. Kwa hiyo anayechota kwa mkono kutoka mguu wa tuta hupeleka maabara mchanga mnene (wenye chembe kubwa) kuliko uliopo, na anayechota kileleni hupeleka mwembamba. Niliwahi kupokea mfuko wa mchanga uliokusanywa miguuni pa tuta na kijana aliyetumwa haraka. Matokeo yalikuwa mazuri kabisa. Zege lilipoanza kumwagwa, mafundi wakawa wanaongeza maji kila mara, maji yakajitokeza juu ya jamvi la zege, na sakafu ilipokauka ikawa inatoa vumbi kila inapofagiliwa. Nilikwenda kwenye tuta lenyewe nikachimba hadi moyoni mwake, na mchanga wa pale haukufanana hata kidogo na ule wa mfukoni. Tangu siku hiyo sipokei mfuko bila kuuliza nani aliuchota na wapi.

Njia iliyo salama ni hii. Ondoa kwa koleo tabaka la juu lililokaushwa na jua, kisha chota sehemu ya juu, ya katikati na ya chini ya tuta, ukizunguka pande zake zote. Chomeka ubao kwenye tuta, juu kidogo ya mahali unapochota, ili mchanga wa juu usimwagikie unapochimba. Changanya vyote juu ya turubai safi upate angalau kilo 10. Kisha upunguze kwa kugawa robo: mchanga ukiwa na unyevu kidogo, ulundike mfano wa koni, uutandaze uwe duara, uugawe robo nne kwa ubao, utupe robo mbili zinazokabiliana na uchanganye mbili zilizobaki. Rudia hadi ufikie kiasi cha kupima. Unyevu ule mdogo unasaidia, kwa kuwa mchanga mkavu hujitenga wenyewe unapomiminwa na chembe laini hupeperushwa na upepo wa bahari.

Usichote sampuli kisha ukaipunguza kwa kumimina mpaka mizani isome gramu 500 kamili. Anayefanya hivyo huanza kuchagua chembe bila kujua. Acha uzito uwe wowote uliotoka kwenye ugawaji, mradi usipungue gramu 300.

Kipimo chenyewe kinafanyikaje?

Mchanga hukaushwa katika oveni kwa nyuzijoto 110, pungufu au zaidi kwa 5, hadi uzito wake usipungue tena, kisha huachwa upoe na kupimwa. Baadaye huoshwa, kwa sababu nitakayoieleza katika swali linalofuata, hukaushwa tena na kumiminwa juu ya safu ya chekeche. Mashine ya kutikisa huachwa ifanye kazi kwa muda wa dakika 10 hivi. Baada ya hapo, kila chekeche hukaguliwa kwa mkono: ukiitikisa kwa dakika 1, kinachoendelea kupita hakipaswi kuzidi asilimia 0.5 ya uzito wa sampuli yote. Ikiwa kinazidi, kazi haijaisha.

Chekeche yenye kipenyo cha milimita 200 isibebeshwe zaidi ya gramu 200 za mchanga katika matundu hayo madogo, maana chembe zikirundikana, za juu hazilioni tundu. Chembe zilizonasa katika wavu wa mikroni 300 zisisukumwe kwa kidole wala kwa sindano. Igeuze chekeche, uigonge ubavuni kwa kiganja, kisha upitishe brashi laini upande wa chini. Wavu uliotanuliwa mara moja hudanganya kila mtu atakayeutumia baadaye.

Mwishoni, jumlisha uzito wa chekeche zote na trei. Tofauti kati ya jumla hiyo na uzito ulioingia isizidi asilimia 0.3, yaani gramu 1.5 katika gramu 500. Ikizidi, matokeo hayatumiki, na kipimo hurudiwa.

Ukiweka mafungu hayo kwenye karatasi saba kwa mstari, hutahitaji grafu kuelewa. La kwanza lina changarawe na vipande vya gome. La pili ni punje kama mtama mdogo. Yale ya kati yanafanana na sukari. Lile la mikroni 150 ni kama chumvi laini. Na la trei ni unga unaobaki katika mistari ya kiganja chako.

Kwa nini uoshwe kabla ya kuchekechwa?

Kwa sababu udongo hung'ang'ania chembe kubwa. Ukichekecha bila kuosha, tope lililokauka juu ya chembe ya milimita 2 huhesabiwa kuwa sehemu ya chembe hiyo, na mchanga mchafu huonekana msafi. Mchanga huoshwa juu ya chekeche ya mikroni 75, nayo hulindwa na chekeche ya milimita 1.18 juu yake, hadi maji yanayopita yawe maangavu. Uzito uliopotea ndio kiasi cha udongo na vumbi. Kiwango cha Marekani, ASTM C33, huruhusu asilimia 3 kwa zege litakalosuguliwa, kama sakafu, na asilimia 5 kwa zege jingine.

Nipe mfano wa hesabu.

Tuseme sampuli kavu ilikuwa gramu 500, kuosha kukaondoa gramu 11, na trei ikakutwa na gramu 9. Vyote viwili huhesabiwa pamoja kuwa gramu 20 zilizopita mikroni 150.

| Chekeche | Uliobaki (gramu) | Asilimia | Jumla ya asilimia iliyobaki | Asilimia iliyopita |
|---|---|---|---|---|
| mm 4.75 | 10 | 2 | 2 | 98 |
| mm 2.36 | 45 | 9 | 11 | 89 |
| mm 1.18 | 85 | 17 | 28 | 72 |
| mikroni 600 | 120 | 24 | 52 | 48 |
| mikroni 300 | 145 | 29 | 81 | 19 |
| mikroni 150 | 75 | 15 | 96 | 4 |
| uliopita mikroni 150 | 20 | 4 | – | – |

Mipaka ya ASTM C33 kwa asilimia iliyopita ni hii, kwa kufuata mpangilio huohuo: 95 hadi 100, 80 hadi 100, 50 hadi 85, 25 hadi 60, 5 hadi 30, na 0 hadi 10. Mchanga wetu wa mfano unakaa ndani ya mipaka yote. Kiwango hicho pia hukataza zaidi ya asilimia 45 kukwama kati ya chekeche mbili zinazofuatana. Hapa fungu kubwa kuliko yote ni 29.

Moduli ya ulaini ni nini?

Ni namba moja inayofupisha jedwali zima. Hupatikana kwa kujumlisha safu ya jumla ya asilimia iliyobaki, kuanzia milimita 4.75 hadi mikroni 150, na kugawa kwa 100. Katika mfano wetu, 2 + 11 + 28 + 52 + 81 + 96 ni 270, kwa hiyo moduli ni 2.70. Jina lake huwachanganya watu, kwa kuwa namba ikipanda mchanga ni mnene zaidi, si laini zaidi. ASTM C33 hutaka iwe kati ya 2.3 na 3.1. Namba hii ilianzishwa na Duff Abrams wa Chicago, ambaye mwaka 1918 alichapisha pia matokeo yake kuhusu uhusiano kati ya nguvu ya zege na uwiano wa maji na saruji.

Basi moduli ikiwa nzuri, mchanga umefaulu?

Hapana, na naomba jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Fikiria mchanga ambao jumla za asilimia zilizobaki ni 10, 35, 45, 47, 50 na 83. Jumla yake ni 270 vilevile, na moduli yake ni 2.70. Lakini kati ya milimita 1.18 na mikroni 300 una asilimia 5 tu: umejaa chembe kubwa na chembe ndogo, na katikati hakuna kitu. Zege lake huelekea kuachana, kokoto na chembe kubwa zikishuka na maji kupanda. Anayekuletea namba ya moduli bila jedwali amekuletea nusu ya habari. Mwombe jedwali.

Nifuate kiwango cha Marekani, cha Uingereza au chetu?

Fuata kilichoandikwa katika mkataba na michoro ya kazi yako, na usichanganye viwili katika ripoti moja. Kwetu viwango husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kazi za umma hutumia pia mwongozo wa vipimo vya maabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 2000. Michoro mingi ya zamani bado inataja BS 882 ya Uingereza, ambayo iliondolewa mwaka 2004 na nafasi yake kuchukuliwa na kiwango cha Ulaya. BS 882 iligawa mchanga katika makundi C, M na F kwa kadiri ya vipimo hivi. Kwenye chekeche ya mikroni 600, C hupitisha asilimia 15 hadi 54, M 25 hadi 80, na F 55 hadi 100. Makundi hayo yanaingiliana, kwa hiyo mchanga mmoja unaweza kuwa C na M kwa wakati mmoja bila kosa lolote.

Mchanga wangu ni mwembamba mno. Je, niutupe?

Si lazima. Tuseme jumla za asilimia zilizobaki ni 0, 0, 1, 5, 34 na 90: moduli ni 1.30, na asilimia 56 imekwama kati ya mikroni 300 na 150. Kwa zege la nguzo mchanga huo peke yake haufai, lakini unaweza kuchanganywa na mchanga mnene au vumbi la mawe linalotoka kwenye machimbo ya kokoto kama yale ya Lugoba. Ikiwa vumbi lina moduli ya 3.50 na unataka 2.60, toa 2.60 katika 3.50 upate 0.90, toa 1.30 katika 3.50 upate 2.20, kisha gawa 0.90 kwa 2.20. Jibu ni 0.41: kilo 41 za mchanga mwembamba kwa kilo 59 za vumbi. Baada ya hapo uchekeche mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa hesabu hiyo inaahidi moduli, haiahidi mpangilio. Vumbi nalo lioshwe kama mchanga, maana mara nyingi huwa na unga mwingi wa mawe.

Kwa lipu, mchanga mwembamba ni afadhali kuliko mnene. Unaweza kuutenga kwa kazi hiyo, ukiwa hauna chumvi.

Mvua za masika zinaathiri vipi?

Kipimo chenyewe haziathiri, kwa kuwa sampuli hukaushwa. Zinaathiri boksi lako la kupimia. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 au 6 huvimba, na mwembamba huvimba kuliko mnene, kwa sababu utando wa maji huzisukuma chembe mbali. Ukivimba kwa asilimia 25, boksi mbili unazomimina katika zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) zina mchanga halisi wa boksi 1.6 tu. Zege hukosa mchanga, na uso wa nguzo hutoka na matundu kama masega ya nyuki. Pima mchanga kwa uzito inapowezekana, na upunguze maji ya kuchanganyia kwa kiasi cha maji yaliyomo tayari ndani ya mchanga.

Mchanga wa ufukweni ukifaulu kwenye chekeche, naweza kuutumia?

Chekeche haioni chumvi. Mchanga unaweza kuwa na mpangilio mzuri na bado ukaozesha nondo ndani ya miaka michache, kutu ikivimba na kupasua zege kutoka ndani. Kipimo cha kloridi, yaani cha chumvi hiyo, ni kazi nyingine, na huombwa peke yake maabara. Kikomo kinachotumika sana Ulaya kwa zege lenye nondo za kawaida ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, kikihesabu kloridi kutoka vitu vyote vilivyomo. Zaidi ya hayo, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda eneo la mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na ufukwe wa Bagamoyo hauna mchanga wa kupoteza.

Sina maabara karibu. Naweza kufanya nini leo?

Unaweza kupima tope kwa chupa. Chukua chupa angavu iliyonyooka, utie maji yenye chumvi, kijiko kidogo kimoja kwa nusu lita, kisha mchanga hadi nusu yake, na uongeze maji hayo yaupite mchanga. Itikise kwa nguvu, uiweke mahali patulivu kwa saa 3. Tope litatulia juu ya mchanga kwa mstari unaoonekana. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, usinunue kabla ya kupata kipimo cha maabara. Njia hii haikuambii mpangilio wa chembe. Kusugua mchanga viganjani nako kunakuonya juu ya udongo, lakini mkono wa fundi mwenye uzoefu wa miaka 30 hauwezi kutofautisha asilimia 19 na 35 kwenye mikroni 300.

Nipime mara ngapi?

Kabla ya kununua kutoka chanzo kipya, kila rangi au ulaini unapobadilika, na mara baada ya mvua kubwa. Kwa kazi kubwa, panga kipimo kwa idadi ya malori. Moduli ikihama kwa zaidi ya 0.20 kutoka ile iliyotumika kupanga mchanganyiko, mchanganyiko upangwe upya au mchanga ukataliwe.

Tunakarabati nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kipimo hiki kinatuhusu?

Kinawahusu, kwa kuwa chokaa nayo huhitaji mchanga uliopangika ili isipasuke inapokauka. Mipaka iliyotajwa hapa, hata hivyo, ni ya zege la saruji. Kuta za mawe ya matumbawe huharibika zikifunikwa kwa saruji ngumu isiyopitisha unyevu, hivyo mwone kwanza mtaalamu wa majengo ya kale.

Mchanga uliobaki baada ya kipimo nifanye nini nao?

Usiumwage. Ile sehemu ya sampuli ambayo haikuchekechwa ifunge katika mfuko mzito wa plastiki, uandike tarehe, mahali ulipochotwa, namba ya lori na jina la aliyechota, na uiweke pakavu mpaka vipande vya zege la kazi hiyo vivunjwe siku ya 28. Vikionyesha nguvu pungufu, mfuko huo ndio utakaofunguliwa kwanza.